Jino Moja la Mbele

Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinazouzwa kwetu zimepangwa kwa ajili ya mzigo. Zinaondoka na abiria wawili na gunia la mkaa bila kunung'unika. Zitoe Chalinze uende nazo Iringa ndipo utaujua upande wa pili: kwenye 80 injini inalia, vioo vinatetemeka mpaka lori lililo nyuma linaonekana mawili, na ukisimama Mikumi kunywa chai viganja vimekufa ganzi. Dawa inajulikana kila gereji: ongeza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Na kwa kuwa kila mtu anaijua, inafanywa ovyo kuliko kazi nyingine yoyote ya pikipiki.

Hesabu yake haina siri. Gawa meno ya nyuma kwa ya mbele. Nyuma 42 na mbele 14 unapata 3, yaani sproketi ndogo inazunguka mara tatu ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukiweka 15 mbele inakuwa 2.8. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika ukiwa kwenye 80, sasa itazunguka 5,600 kwa mwendo uleule. Ukitaka kupata karibu uwiano huohuo kwa sproketi ya nyuma, punguza meno matatu, kutoka 42 hadi 39.

Wengi huishia hapo, wakidhani njia zote mbili ni sawa. Si sawa. Cheni haitelezi juu ya sproketi kwa ulaini. Inakunjika pingili kwa pingili, na kila pingili inapokaa kwenye jino, mwendo wa cheni unapanda na kushuka kidogo. Sproketi ya meno 14 huyumbisha mwendo huo kwa takriban asilimia 2.5, ya 16 kwa asilimia 1.9 hivi. Ndiyo maana 15 kwa 45, ingawa jibu lake bado ni 3 ileile ya 14 kwa 42, hutembea kwa utulivu zaidi, na cheni huishi zaidi kwa sababu haikunjwi sana. Nikionyeshwa pikipiki ya safari, huangalia kwanza ukubwa wa sproketi ya mbele, uwiano baadaye. Na nikiona idadi ya meno ya mbele haigawanyiki kwa mbili, nafurahi zaidi. Pingili za cheni hupishana, nyembamba na pana. Jino la sproketi ya meno 14 hukutana na pingili ya aina ileile siku zote, lakini la meno 15 hubadilishana zamu, hivyo ulaji unagawanyika.

Kipimo cha kazi nzuri hakipo kwenye barabara tambarare. Hapo hata aliyeongeza meno matatu atakuambia chombo chake kinateleza kama ndege, na atakuwa anasema kweli. Usipime kwenye mlima wa Kitonga pia, maana pale kila mtu anashusha gia nyuma ya malori. Tafuta kilima kirefu cha kawaida, funga mzigo wako wote wa safari, ingia gia ya mwisho kwenye 60, kisha fungua mafuta taratibu. Chombo kikichukua mwendo, hata kwa uvivu, umepatia. Kikigongagonga na kukulazimisha kurudi gia ya nne, umenunua gia ya tano ya mapambo: hiyo ya nne, hata kwa sproketi mpya, huzungusha injini haraka kuliko tano yako ya zamani ilivyoizungusha. Kelele uliyoikimbia umeirudisha, na mafuta juu yake.

Mwinuko wa nchi nao unahesabiwa. Injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mtu wa Njombe asiige sproketi ya mtu wa Kibaha.

Sasa dukani. Angalia namba zilizogongwa ubavuni, 428 au 520. Zinataja aina ya cheni, na hazichanganywi: pingili ya 428 ina urefu wa milimita 12.7, ya 520 ni 15.875. Pitisha kidole kwenye meno, yasiwe na makali ya kukatia wala kovu la mashine. Kisha, muuzaji akikuruhusu, gusisha tupa kwenye ubavu wa jino moja. Chuma kilichokomazwa huifanya tupa iteleze. Chuma laini hutoa unga mara moja, na hicho hakitamaliza msimu. Muuzaji akikasirika, amekujibu. Zile za aluminiamu za rangi za kuvutia ni nyepesi kweli, lakini safari ndefu inataka chuma.

Kuna ujanja mmoja wa gereji ambao siupendi. Sproketi kubwa zaidi mbele hula urefu wa cheni, na jino moja huvuta tairi la nyuma mbele kama milimita tatu. Cheni iliyorefuka mpaka ikamaliza nafasi ya kukazia, ghafla inaonekana ina maisha tena. Mwenye chombo anashukuru. Baada ya muda cheni ile chakavu imeinamisha meno mapya. Kabla ya kukubali, shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea kwako. Ikiachia jino mpaka unaliona nusu, badilisha vyote vitatu pamoja: cheni na sproketi zote mbili.

Fundi akimaliza, usiwashe kwanza. Inua tairi la nyuma, weka ncha ya bisibisi karibu na meno ya sproketi bila kuyagusa, zungusha polepole. Nafasi ikipanuka na kubana, sproketi haijakaa katikati, na cheni itakaza upande mmoja na kulegea mwingine. Ulegevu upimwe pale cheni inapokaza zaidi, kwa kipimo cha kitabu cha chombo, si kwa kidole gumba cha fundi. Klipu ya kiungo, upande wake uliofungwa utazame kule cheni inakoelekea. Washa ya kufungia nati ya sproketi ya mbele iwe imekunjwa kweli, maana nati hiyo ikifunguka barabarani hakuna atakayekusaidia hapo porini. Halafu shika tairi lisizunguke na uitikise sproketi kubwa kwa mkono. Ikicheza sana, raba zilizo ndani ya habu zimekufa, na mishtuko unayoisikia ukifungua na kuachia mafuta ni yao. Nimeona watu wakibadilisha sproketi mara kadhaa wakitafuta ulaini ambao raba nne zingewapa.

Oili chafu ya injini isipakwe kwenye cheni. Ina unga wa chuma, na unga huo unasaga.

Mwisho, jua spidi mita yako inasoma wapi. Ikisoma tairi la mbele, hakuna kilichobadilika. Ikisoma giaboksi, baada ya kutoka 14 kwenda 15 itakuonyesha 70 kumbe unakwenda 75, na trafiki wenye tochi watakuwa na namba sahihi kuliko wewe. Jaribu kwa simu yenye ramani kwenye kipande kilichonyooka, andika tofauti kwenye karatasi ndogo, uibandike chini ya kioo. Na baada ya kilomita 100 za kwanza simama, kagua nati za sproketi ya nyuma moja moja kwa spana. Cheni mpya nayo itakuwa imelegea kidogo; ikaze hapohapo, injini ikiwa imezimwa.