Sikio la Mkagua Chombo

Pale Ubungo, zinapokutana Barabara ya Morogoro na Barabara ya Sam Nujoma, ndipo yalipo makao makuu ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoundwa mwaka 1975, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kuhakikisha magari yaliyotumika yanayoingia nchini yamekaguliwa. Wakazi wa Ubungo hawahitaji kufundishwa faida ya jambo hilo. Anayetaka gari kuukuu huko Sinza au Kimara huenda na fundi wake. Fundi akalala chini ya gari, akafunua boneti, akachungulia oili, akaomba injini iwashwe ikiwa baridi. Asiyefanya hivyo majirani humwambia wazi kwamba pesa zinamwasha.

Mtu huyohuyo, akishapata akiba na kuamua kununua mashua ya kuvulia au jahazi la kubebea mizigo, huusahau uangalifu wake wote. Manispaa ya Ubungo haina ufukwe. Ilipomegwa kutoka Kinondoni, bahari ilibaki upande wa pili: Msasani, Kawe, Kunduchi, Mbweni. Kwa hiyo mnunuzi wa kutoka Manzese au Mbezi hufika pwani akiwa mgeni. Anakiona chombo kimepakwa rangi ya samawati na nyeupe, jina limeandikwa upya kwa herufi za madoido, tanga limekunjwa vizuri, na moyo wake tayari umekwisha kukipanda. Muuzaji naye anamhakikishia, "Chombo hiki, bwana, hakina neno."

Hapo ndipo anapohitajika mkagua chombo, fundi ambaye sifa zake haziimbwi sana, kwa kuwa kazi yake njema huonekana katika yale ambayo hayakutokea.

Kwanza anachagua siku. Haendi ovyo ovyo, anahesabu mwezi. Bamvua huja wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na katika pwani ya Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na maji kupwa siku hizo hupita meta 3. Maji yakitoka, chombo kinabaki mchangani kikiwa kimeegemezwa kwenye gadi, tumbo lote wazi, kuanzia omo hadi tezi. Ana saa chache tu kabla maji hayajarudi. Muuzaji anayesisitiza kwamba chombo kitazamwe kikiwa kinaelea, kwa madai kwamba wateja ni wengi na muda hakuna, huwa amekwisha kumwambia mkaguzi jambo la maana.

Akifika, hakigusi chombo. Anasimama mbali nyuma ya tezi, kisha mbali mbele ya omo, halafu anakizunguka taratibu akiwa bado mbali. Anautazama mkuku, ule mti mkubwa wa chini unaobeba kila kitu. Je, umenyooka? Chombo kilichofanya kazi miaka mingi, kikapakiwa mizigo kupita kiasi au kikapwelewa juu ya jiwe, huanza kulegea ncha mbili na kuinuka katikati. Jicho la karibu haliuoni mpindo huo. Mtu aliyesimama hatua thelathini nyuma anauona bila shida. Mbao huweza kubadilishwa moja moja. Mkuku uliopinda ni habari nyingine kabisa, na wakaguzi wengi hugeuka na kwenda zao hapohapo.

Kisha nyundo inatoka. Ni nyundo ndogo, na wengine hutumia mpini wa patasi. Mkaguzi anagonga ubao mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kwenda chini, kwa nguvu ileile, na hasemi na mtu. Ubao mzima wa mvule, uliokazwa sawasawa kwenye taruma, hutoa mlio mkavu unaorudi upesi mkononi. Ubao uliooza ndani hutoa mlio mzito unaofia hapohapo. Kati ya milio hiyo miwili ipo mingine mingi: wa ubao mzima ambao misumari yake imelegea, wa ubao wenye maji, wa kiraka kilichofichwa chini ya rangi, wa mahali palipojazwa mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi ili paonekane sawa. Kuna wakaguzi wanaofumba macho wakigonga, ili rangi isiwapotoshe. Sikio la namna hii halisomwi kitabuni. Hupatikana kwa kugonga vyombo vizima na vibovu miaka mingi, hasa kwa kuvivunja vile vibovu baadaye na kuona kama sikio lilisema kweli.

Panapotia shaka, anaomba ruhusa ya mwenye mali, kisha anachoma kwa ncha ya kisu. Anatafuta adui mmoja hasa. Baharini mnaishi kiumbe anayefanana na mnyoo, ingawa kwa nasaba yeye ni ndugu wa chaza na kome. Huingia kwenye ubao akiwa mchanga sana, kwa tundu dogo kama ncha ya sindano, halafu hukulia humohumo ndani, akiubungua mti na kuacha mifereji iliyopakwa chokaa laini. Nje ubao unabaki mzima kwa kutazama. Christopher Columbus alikwama Jamaica mwaka 1503 kwa sababu meli zake zilikuwa zimeliwa hivyo hivyo hata hazikuweza kuendelea. Kinga ya mabaharia wa pwani hii ilikuwa kukipandisha chombo pwani kila baada ya muda, kukichoma kidogo chini kwa moto wa makuti, na kukipaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kwa hiyo mkaguzi haulizi tu chombo kina umri gani. Anauliza mara ya mwisho kilipandishwa lini, na nani alikipaka. Chombo cha miaka ishirini kilichotunzwa kinaweza kukishinda cha miaka mitano kilichoachwa majini.

Kutu nayo huongea. Mstari wa kahawia unaochuruzika kutoka kwenye kichwa cha msumari unaonyesha kwamba chuma kinaisha na ubao unaozunguka chuma unaharibika pamoja nacho. Mstari mmoja si hoja. Mistari iliyopangana kufuata taruma maana yake ni kwamba mbao zimebaki kushikiliwa na mazoea. Baada ya hapo anazifuata nafasi za kati ya mbao, akipitisha kidole kwenye kalafati, ile pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa ili maji yasipite. Ikitoka nyepesi na kavu, itabidi chombo kizima kishindiliwe upya, na hiyo ni gharama ya kuondolewa kwenye bei siku hiyohiyo, mbele ya muuzaji.

Mnunuzi hudhani hatari yote imo upande wa baharini. Mkaguzi anajua kwamba maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo nusu ya kazi yake ipo ndani na juu: kwenye pembe ambako mvua hutuama, chini ya kitako cha baharia anayeshika usukani, mahali mlingoti unapopita. Anashuka hadi ngama na kunusa. Harufu ya chumvi, samaki na sifa ya papa haimtishi. Harufu ya uvundo wa udongo inamtisha. Anapapasa mastamu, mti wenye tundu unaokalia kitako cha mlingoti, kwa kuwa nguvu yote ya upepo unaojaza tanga huishia hapo. Mlingoti uking'oka kitako katikati ya Kusi, hautaanguka peke yake. Anatazama taruma moja moja. Mafundi wa zamani walizichonga kutoka kwenye miti iliyopinda yenyewe, ili nyuzi za mti zifuate umbo la chombo. Taruma iliyokatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao ulionyooka hupasuka pale pale penye pindo.

Foromali, jarari, kana, nanga na tanga lenyewe hazimchukui muda mrefu. Vitu hivyo vinaonekana, na vyote hununuliwa.

Maji yanaporudi kazi haijaisha. Chombo kinaachwa kielee usiku kucha na asubuhi anahesabu ndoo za maji yanayofuliwa. Hapa hekima inahitajika kuliko nyundo. Chombo kilichokaa juani wiki kadhaa mbao zake hukauka na kuachana, na kitavuja siku ya kwanza hata kama ni kizima. Siku ya pili na ya tatu mbao hufura, nafasi zikajifunga. Mkaguzi mwenye haraka angekikataa chombo chema kwa uvujaji huo, au angekipokea kibovu kwa kuwa kilikuwa kimefuliwa alfajiri kabla hajafika. Mwenye kuijua kazi hulala pwani.

Wenye yoti za faibaglasi, kama zile zinazotia nanga mbele ya klabu ya yoti Msasani, wanaweza kudhani haya ni mambo ya mbao tu. Mwezi Mei 2014, yoti iliyoitwa Cheeki Rafiki, aina ya Beneteau First 40.7, ilikuwa ikirudi Uingereza kutoka Antigua ilipong'oka mkuku katikati ya Atlantiki. Mabaharia wake wanne walipotea. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza, katika ripoti yao ya mwaka 2015, waliona kwamba huenda chanzo kilikuwa ni kugota chini kwa siku za nyuma pamoja na matengenezo yaliyofuata, mambo yaliyodhoofisha pale mkuku ulipoungwa na tumbo la yoti. Tena wakaonya kwamba udhaifu wa namna hiyo ni mgumu kuugundua. Leo mkagua yoti hubeba kipima unyevu pamoja na nyundo ya plastiki, na bado anagonga. Anauliza swali lilelile analouliza mkagua jahazi wa Kunduchi: chombo hiki kiliwahi kugota wapi?

Lipo swali jingine, kubwa zaidi: kilijengwa kwa bahari gani? MV Skagit ilijengwa mwaka 1989 kubeba abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, huko Seattle, Marekani. Iliuzwa mwaka 2011 ikaletwa huku, na tarehe 18 Julai 2012, katika msimu wa Kusi, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Watu wengi walikufa. Chombo kinaweza kuwa kizima kila ubao na kila msumari, na bado kisiifae bahari kinayopelekwa. Mkagua chombo wa kweli huyajibu maswali yote mawili, na la pili hulijibu hata kama hakuulizwa.

Dunia ilianza kuuandika ujuzi huu muda mrefu uliopita. Mwaka 1760, katika mgahawa wa kahawa wa London uliobeba jina la Edward Lloyd, wafanyabiashara na watu wa bima waliunda chama cha kuorodhesha meli na hali zake: hali ya tumbo la meli waliipa herufi, na vifaa vyake wakavipa alama ya vizuri, vya wastani au vibaya. Kwetu, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) upande wa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini upande wa Zanzibar husajili na kukagua vyombo, na ni lazima mnunuzi aone cheti. Cheti hicho ni cha siku kilipotolewa. Nyundo ya mkaguzi ni ya leo, na anamtumikia mtu mmoja tu, yule atakayeweka pesa zake na roho za mabaharia wake ndani ya chombo hicho.

Kwa hiyo, ndugu unayetoka Ubungo na fedha mfukoni: nenda siku ya bamvua, wakati maji yametoka. Mtafute mzee ambaye amejenga vyombo kwa mkono wake, asiye jamaa ya muuzaji na asiyetarajia chochote kutokana na mauzo. Mlipe ujira wake kamili kabla hajaanza kugonga, ili jibu lake lisitegemee kama utanunua au hutanunua. Na akikuambia uache, acha, hata kama rangi imekupendeza.