KIOO CHA CHUMBANI: PICHA ZA CLAUDE CAHUN

Katika uhakiki wa Kiswahili hakuna kauli iliyozoeleka kama ile isemayo kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Tunaifundisha, tunaitahini, na wanafunzi wetu huiandika hata pale isipofaa. Makala haya yanakusudia kuipima kauli hiyo kwa picha moja ya yapata mwaka 1928, ambayo ndani yake mna kioo.

Picha hiyo ni ya Claude Cahun, mwandishi na msanii wa Ufaransa. Amesimama kando ya kioo, nywele zimekatwa fupi mno, amevaa koti la mirabaraba na kuishika kola yake. Wachoraji wengi wa Ulaya walimweka mwanamke mbele ya kioo ili ajitazame, nasi tumtazame akijitazama. Cahun amekiacha kioo na kutukazia macho sisi. Sura iliyomo kiooni inatazama kwingine, shingo ikiwa wazi. Ni nafsi moja yenye nyuso mbili zisizokutana macho.

Alizaliwa Nantes mwaka 1894, akaitwa Lucy Schwob. Jina la Claude, ambalo Wafaransa huwapa wanaume na wanawake, alilichagua mwenyewe. Katika picha nyingine, ya yapata 1927, amevaa kama mnyanyua vyuma, lakini mashavuni amechorwa mioyo na midomo imepakwa rangi. Alama za kiume na za kike zimekaa katika mwili mmoja, wala hakuna iliyoishinda nyingine.

Nyingi za picha hizi, ambazo yaaminika mwenziwe Marcel Moore alisaidia kuzipiga, hazikuonyeshwa hadharani wakati Cahun alipokuwa hai. Hapa ndipo kauli yetu inapokwama. Mhakiki aliyezoea kuuliza, “Msanii anatoa ujumbe gani kwa hadhira?” atatafuta bure, kwa kuwa hadhira haikualikwa. Picha hizi ni swali ambalo mtu anajiuliza mwenyewe, na kila vazi ni njia mpya ya kuliuliza.

Walimu wa Kiswahili tuna sababu yetu ya kulifikiria jambo hili. Kifaransa humlazimisha msemaji kuchagua jinsia katika viwakilishi na vivumishi. Kiswahili husema “yeye” na “amekuja”, basi. Na Kibemba, ambacho twakisikia kila siku huku Mununga kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, nacho hutumia kiambishi kimoja kwa wote. Nimemweleza Cahun hadi hapa bila sarufi kunidai uamuzi. Lakini tusijisifu mno. Sarufi inyamazapo, jamii husema: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kwa hiyo swali la Cahun lipo hata kwetu, ila kwetu linaingilia mlango mwingine.

Huenda wengine wakasema kwamba sanaa ya namna hii ni ubinafsi mtupu. Maisha ya Cahun yanakanusha. Wajerumani walipokikalia kisiwa cha Jersey mwaka 1940, Cahun na Moore walikuwa wakiishi huko. Waliandika karatasi za siri za kuwavunja moyo askari wa adui, kana kwamba mwandishi ni askari wa Kijerumani asiye na jina. Walikamatwa mwaka 1944, wakahukumiwa kifo, wakaachiliwa vita vilipokwisha 1945. Ustadi wa kuvaa nafsi nyingine, uliozoezwa faraghani, ndio uliotumika kupigania watu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Samuel Fosso, mzaliwa wa Kameruni, alifungua studio Bangui mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Baada ya kazi alizimalizia filamu za wateja kwa kujipiga picha mwenyewe. Mwaka 2008 alijigeuza mashujaa mbalimbali wa watu weusi, akiwamo Angela Davis. Si lazima swali lake liwe lile la Cahun. Njia yake ya kuuliza ni ile ile.

Leo simu imeileta studio hiyo mfukoni mwa kijana. Mwanafunzi huweza kujipiga picha usiku kwa vazi asilothubutu kulivaa mchana, kisha akaifuta. Picha kama hiyo ikiangukia mikononi mwa wengine, yaweza kumgharimu heshima, masomo, hata makao. Mwalimu atakayeiona hana haki ya kuitangaza, wala ya kumpa mwenyewe jina ambalo yeye bado analitafuta. Tuendelee kufundisha kwamba sanaa ni kioo cha jamii, lakini tuongeze kwamba viko vioo vya chumbani, na mgeni hupiga hodi kwanza, akisubiri kuambiwa karibu.