Viungo Vilivyopotea Karatu

Kampuni moja ya utalii mjini Karatu, ambako wageni wengi hulala kabla ya kupanda hadi lango la Lodoare kuingia Ngorongoro, ilikuwa na kanzidata mbili zisizo za ukoo mmoja: ya safari, katika SQL Server juu ya Windows, na ya hesabu, katika MySQL juu ya Linux; ya kwanza iliisoma ya pili kupitia kiungo kilichowekwa ndani ya SQL Server. Diski ya seva ya safari ilipokufa, mafundi walirudisha nakala ya akiba kwenye mashine mpya, wakamkuta kila mgeni aliyekuwamo katika nakala hiyo mahali pake, ilhali ripoti ya malipo haikutoa hata mstari mmoja.

Sababu yake ni dhahiri kwa ajuaye: maelezo ya kiungo hayakai ndani ya kanzidata ya safari, bali katika ile ya mfumo iitwayo master, ambayo haikuwamo katika nakala, na hata ingalikuwamo, nywila zake husetiriwa kwa ufunguo ulioambatana na mashine ya zamani, hivyo pasipo nakala ya ufunguo huo hapana budi kuziandika upya.

Draiva ya ODBC ya biti 64, ya kuiwezesha SQL Server kuifikia MySQL, ikawekwa, na jaribio la fundi likafaulu, kisha seva yenyewe ikakataa. Kwani anwani ya MySQL ilikuwa imesajiliwa chini ya akaunti ya fundi, na SQL Server huendeshwa kwa akaunti yake mahususi, isiyoona ya mtu binafsi. Iliposajiliwa kwa mfumo mzima, kiungo kikapewa jina lile lile la awali, uamuzi ninaousifu kuliko wote, maana haikulazimu kugusa hoja hata moja iliyoandikwa zamani.

Kulinganisha safari na malipo, ili kujua kilichopotea, ndiko kulikokuwa kugumu. Majina ya wageni huandikwa kwa namna nyingi, na tarehe nazo zilihitilafiana, kwa kuwa MySQL ilishika saa za UTC, nyuma ya zetu kwa saa tatu: malipo ya saa nane usiku wa kuamkia Jumanne yalisomeka ya Jumatatu. Wakategemea namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo ada za hifadhi huwa nayo kwa mfumo wa malipo wa serikali, GePG, ulioanza mwaka 2017. Kwa namba hizo yakabainika malipo yasiyo na safari, yaliyoingia baina ya nakala ya mwisho na ajali. Na mpaka safari hizo zilipokwisha kurejeshwa moja moja kutoka barua za wateja, kiungo kiliruhusiwa kusoma tu, wala si kuandika.