Kinachoua twita ya zamani, na kinachoiokoa

Wenye spika za miaka ya 1970 huogopa amplifaya kubwa. Lakini adui hatari zaidi wa twita, ile spika ndogo ya sauti kali, ni amplifaya ndogo iliyolazimishwa kupiga kwa nguvu isiyo nayo. Tuichambue JBL L100, spika ya sebuleni iliyozaliwa kutokana na spika ya studio ya 4310, tuone twita yake ililindwaje na ulinzi huo unaishia wapi.

Ndani ya L100 mna wufa (spika ya besi) ya inchi 12, spika ya sauti za kati ya inchi 5, na twita ya koni ya inchi 1.4 iitwayo LE25. Wufa imeungwa moja kwa moja. Twita imewekewa kapasita moja ya maikrofaradi 3, pamoja na kitufe cha kuzungusha cha kupunguzia ukali. Basi. Kapasita hiyo, kwa twita ya omu 8, inaanza kuzuia sauti zilizo chini ya takriban Hz 6,600. Lakini inazuia taratibu: kwenye Hz 3,300, moja ya tano ya nguvu bado inapenya. Ulinzi upo, ila ni mwepesi.

Koili ya twita ni waya mwembamba kama unywele, na sehemu kubwa ya umeme unaoifikia hugeuka joto. Katika muziki wa kawaida haipati shida, kwa sababu besi ndizo zinazokula nguvu nyingi na sauti kali huchukua sehemu ndogo. Sasa chukua amplifaya ya wati 20 uzungushe sauti hadi mwisho. Vilele vya besi vinakatwa kwa kuwa amplifaya haina volti za kuviinua zaidi. Sauti kali, zilizokuwa bado chini, zinaendelea kupanda. Juu ya hayo, ule mkato wenyewe unazaa sauti kali nyingine ambazo hazikuwemo kwenye muziki. Kapasita haina la kufanya, kwani sauti hizo ndizo ilizowekwa izipitishe. Koili inapata moto mfululizo, gundi yake inalegea, waya unakatika.

Umri nao huongeza hatari. Spika nyingi za zama zile zilitumia kapasita za elektroliti zisizo na chanya wala hasi, na hizo hubadilika thamani zikizeeka. Maikrofaradi 3 zikipanda hadi 4.5, mpaka wa kuanza kuzuia unashuka hadi Hz 4,400 hivi, na twita inabebeshwa mzigo ambao haikuundiwa. Kapasita ikishoti kabisa, besi zote zinaingia.

Dawa iliyotumiwa na watengenezaji kadhaa wa spika ni taa ndogo ya waya, iliyoungwa mfululizo na twita. Chukua taa ya volti 12, wati 10. Ikiwa baridi ina omu moja na kitu tu, hivyo muziki unapita karibu kama ulivyo. Ikiwaka kikamilifu inafika omu 14.4. Katika hali hiyo ampea 0.83 zinapita, twita inapata wati 5.6 hivi na taa inameza 10. Bila taa, volti zilezile zingeibebesha twita zaidi ya wati 43. Umeme ukipungua, taa inapoa na sauti inarudi yenyewe. Fyuzi nayo inafaa, ila ikishakatika lazima ubadilishe, na wengi huweka kubwa zaidi ili isiwasumbue tena. Hapo hakuna ulinzi.

Gharama ya taa ni kwamba sauti kali hubanwa kidogo unapopiga kwa nguvu. Kwa twita isiyotengenezwa tena, ninaikubali gharama hiyo bila kusita.

Kwa hiyo, ukinunua spika ya zamani, chomoa mguu mmoja wa kila kapasita na uipime kabla ya kupiga muziki. Weka taa kati ya kitufe cha ukali na twita, bila kukata waya za asili, ili atakayeirithi spika aweze kuitoa. Na amplifaya ikianza kukwaruza, punguza sauti papo hapo. Kifaa chochote utakachofunga hakishindi mkono unaojua pa kuishia.