Mgeni wa Unyanyembe alipangiwaje nyumba

Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu watoke pwani, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, mji wa Unyanyembe ambao leo ni sehemu ya Tabora. Walikuwa wametembea karibu kilomita 960. Mkononi walikuwa na barua ya mtawala wa Unguja kwa Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi aliyekuwa na jina kubwa bara. Musa hakuwepo, alikuwa Karagwe kwa biashara. Wakili wake, Mwarabu wa Oman aitwaye Snay bin Amir, akatoka kuwapokea na kuwapeleka kwenye nyumba ya mfanyabiashara mwenzake aliyekuwa amerudi Unguja. Wageni wakaachwa wapumzike kwanza. Kesho yake wafanyabiashara wa mji wakaanza kuja kuwaamkia, na kabla ya mazungumzo mazito mgeni alikuwa ameshatumiwa mbuzi na mzigo wa mchele mweupe.

Anayekwenda Roma au Lisbon leo hutafuta hoteli kwa kupima bei, umbali kutoka stesheni na maoni ya waliolala kabla yake. Kazeh haikuwa na nyumba ya wageni ya kulipia. Cairo ilikuwa na wakala zake na Istanbul ilikuwa na khan zake, majengo ya ghorofa yaliyojengwa makusudi kwa wafanyabiashara wa safari, ambako mtu alikodi chumba juu na ghala chini. Waarabu wa Unyanyembe waliijua desturi hiyo. Lakini hapa bara utaratibu uliofanya kazi ulikuwa mwingine: mgeni alichagua mwenyeji, na nyumba ikafuata. Ukitaka kujua kwa nini, acha kuuliza msafiri alilala wapi, uliza alisubiri kwa muda gani.

Burton alikaa wiki tano kabla hajaendelea na safari ya Ujiji. Henry Stanley alifika Juni 1871 na hakuondoka mpaka Septemba. David Livingstone alirudi hapa pamoja na Stanley tarehe 18 Februari 1872, Stanley akashika njia ya pwani Machi 14, na mzee akabaki Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, mpaka Agosti 25, miezi mitano na zaidi, akingoja wapagazi walioahidiwa kuletwa kutoka Unguja. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja Unyanyembe kutembea. Walikwama, na kukwama kulikuwa ndani ya mpangilio wa njia yenyewe.

Njia ilitoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikavuka Ugogo ambako kila mtemi alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, ikakata pori la Mgunda Mkali lenye maji haba, ndipo ikaingia Unyamwezi. Kutoka hapo iligawanyika: magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda, kusini-magharibi kuelekea Ufipa na Katanga. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Wakifika kwao walilipwa, wakatua mizigo, wakaenda nyumbani. Kazi yao ilikwisha kihalali hapo. Mzigo mmoja ulikuwa wa frasila mbili hivi, kama kilo 32, na mfanyabiashara mwenye mizigo mia alihitaji mabega mia mapya. Mvua zikiwa zimeanza, mabega hayo yalikuwa shambani. Burton alifika Novemba, wakati mbaya kuliko yote, na hakuna hoteli yoyote duniani ambayo ingemsaidia kwa hilo. Mtu wa kumsaidia alikuwa mwenyeji anayejulikana na watemi, anayejua kijiji gani kina vijana walio tayari kutoka.

Hapa ndipo nyumba inapoeleweka. Burton aliikuta Kazeh ina tembe kubwa sita tu, si mji uliobanana kama Unguja. Kila moja ilikuwa pembe nne ndefu yenye uwanja katikati, bustani, ghala, na vibanda vya watumwa pembeni. Kuta zilikuwa za udongo, nene, na paa tambarare limelazwa juu ya miti na kukandikwa. Mbele kulikuwa na barza, mahali pa kupokelea watu, kusikiliza habari na kupatana bei. Ukipita barza ulikuta mlango, na baada ya mlango vyumba visivyo na madirisha ya maana, vinavyotazama ndani. Msafiri wa kawaida angeviona vyumba hivyo vya giza na joto. Mwenye majora ya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba aliona kitu kingine: vyumba vinavyofungika. Mali hiyo ndiyo iliyokuwa fedha yake ya safari nzima. Ikipotea, hakuna posho ya wapagazi wala hongo ya watemi, na safari imekufa hapo hapo.

Snay na Musa walichimba pia visima. Maji ya kisima chako mwenyewe wakati wa kiangazi, mpunga na ngano zilizolimwa karibu, vitunguu, ng'ombe wa maziwa: hayo ndiyo yaliyomwezesha mtu kukaa miezi bila kula mtaji wake kwa kununua kila kitu sokoni. Naiona hii kuwa kazi kubwa kuliko milango iliyochongwa ya tembe hizo, ingawa milango ndiyo inayosifiwa.

Hata hivyo nyumba nene haikuwa dawa ya kila kitu. Mizigo ya Livingstone iliyotumwa kutoka Unguja ililala muda mrefu katika ghala la liwali pale Unyanyembe. Stanley alipoikagua mwaka 1872 alikuta mchwa wamelila sanduku la bunduki na kisha mbao za bunduki zenyewe; mitutu imeshika kutu na mitambo imeharibika. Chupa za konyaki zilikuwa tupu, na badala ya vizibo vyake kulikuwa na magunzi ya mahindi. Mchwa hawazibi chupa. Ukuta ulizuia mwizi wa nje, lakini mali ya mtu asiyekuwepo, isiyohesabiwa na mtu anayewajibika, iliyeyuka ndani ya ukuta huo huo. Ulinzi wa tembe ulitegemea mwenye mali awepo, au mwenyeji ajione anadaiwa heshima kwa ajili yake.

Liwali huyo ni mtu wa kuangaliwa kwa makini. Said bin Salim aliwahi kuwa kiongozi wa msafara wa Burton mwaka 1857, yaani alikuwa miongoni mwa walioingia Kazeh wakiwa hawajui watalala wapi. Alirudi na Speke katika safari iliyofuata, akaugua, akabaki. Kufikia 1871 yeye ndiye aliyempa Stanley nyumba ya kukaa pale Kwihara. Livingstone alipokuja alikaa nyumba hiyo hiyo. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Agosti 1873 akapewa hiyo hiyo tena, na ni hapo, Oktoba mwaka ule, Chuma, mtumishi wa Livingstone, alimkuta na kumpa habari kwamba Livingstone amefariki na mwili wake uko njiani. Ukiunganisha mambo haya unaona kuwa Unyanyembe ilikuwa imefika mahali pa kutenga nyumba maalumu kwa wageni wa aina fulani, chini ya mtu aliyejua mahitaji yao kwa kuyaishi. Na Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Burton na Speke, kisha na Stanley, kisha na Cameron, alizijua nyumba za wageni wa Unyanyembe kuliko hao mabwana wote.

Gharama yake? Hapakuwa na kodi ya chumba. Lakini mgeni alilipa, na mara nyingine alilipa sana. Alinunua chakula na bidhaa kwa mwenyeji na rafiki zake, alitumia watu wao kupata wapagazi, alibeba barua zao, alipokea ushauri wao juu ya njia ipi iko wazi. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alifunga njia ya Ujiji, Waarabu wa Tabora wakaamua kupigana naye, na Stanley, aliyekuwa akila na kulala kwao, akaingia vitani pamoja nao mwezi wa Agosti. Sababu yake ya kwanza ilikuwa njia, hilo ni kweli. Lakini mtu anayekaa katika nyumba ya upande mmoja hana nafasi ya kwenda kuzungumza na upande wa pili. Vita ilienda vibaya. Mirambo alishambulia Tabora yenyewe, akaichoma sehemu, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa viongozi wa Waarabu, akauawa. Stanley alikuwa Kwihara, kilomita chache tu kutoka pale, na siku zile alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za nyumba ya wageni na kuigeuza ngome. 

Hata Snay bin Amir, mwenyeji aliyesifiwa kuliko wote, aliuawa katika vita ya awali kati ya Waarabu na Mnywasele, mtemi aliyewatoza ushuru wafanyabiashara. Ukarimu wa Kazeh ulikaa juu ya ardhi ya watemi wa Unyanyembe, na uhusiano huo ulitengenezwa kwa zawadi na kwa ndoa. Baba yake mfanyabiashara Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Hadhi yake pale ilikuwa na mizizi ambayo barua ya Unguja isingeweza kuitoa. Na lazima lisemwe waziwazi jingine: waliofagia uwanja, waliotwanga mchele wa zawadi na kuchota maji ya visima vile walikuwa wengi wao watumwa, na katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa wakipelekwa pwani. Wao nao walilala Unyanyembe. Hakuna aliyewaandikia barua ya utambulisho.

Utaratibu huu haukufa kwa vita. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani mpaka Januari 1893, alipojilipua ndani ya ngome yake badala ya kukamatwa, na baada yake misafara iliendelea kupita. Reli ndiyo iliyoumaliza. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku, na mzigo haukuhitaji tena bega. Mgeni akataka kitanda cha usiku mmoja au miwili karibu na stesheni, basi. Hoteli ya reli, jengo la zamani ambalo sasa ni Orion Tabora Hotel, iko mahali pake kwa sababu hiyo. Mwenyeji wa tembe alikuwa benki, ghala, ofisi ya ajira na mtoa habari. Reli ilivigawa vyote hivyo, ikamwachia mwenye hoteli kitanda na chakula peke yake.

Kwa anayetaka kuitembelea Tabora sasa, bado kuna kusubiri kidogo, kwa kuwa ni njia panda ya treni za Mwanza, Kigoma na Mpanda. Treni hazifiki kila mara saa unayoitaka, hivyo gesti au hoteli ya upande wa stesheni ina maana kuliko ya mbali yenye rangi mpya. Kisha tenga asubuhi moja kwenda Kwihara, kama kilomita sita kutoka mjini; bodaboda wanapajua. Nyumba unayoiona, ambayo sasa ni makumbusho, imejengwa upya, lakini mpangilio wake unafundisha. Simama barzani kwanza, halafu ingia ndani na uangalie ni milango mingapi mtu angelazimika kuvuka ili kufika kwenye mizigo.

Ningependa makumbusho hayo yaeleze zaidi ya Livingstone na Stanley. Jina la Said bin Salim lingestahili kuwa ukutani kama mwenyeji, la Bombay kama msafiri aliyerudi tena na tena, na ghala lionyeshwe kuwa ghala: majora ya merikani, shanga kwa rangi zake, na mzigo mmoja wa frasila mbili uliofungwa sawasawa, ambao mwanafunzi wa Tabora ataruhusiwa kuunyanyua.