Chungu na Uchungu: Mchuzi katika Riwaya za Nigeria

Wahakiki wetu wana mazoea ya kuvipita vyakula vya riwayani kama mtu apitaye mbele ya jiko la jirani: hunusa, husifu, huenda zake. Wakikuta mchuzi katika riwaya ya Nigeria, huandika kuwa mwandishi amechora utamaduni wa jamii yake, kisha hufungua ukurasa mwengine. Makala haya yanashikilia kuwa mchuzi huo si pambo. Ni mizani ya enzi: humwonyesha msomaji nani apika, nani ala, na nani ana ruhusa ya kusema.

Kwanza tuelewane juu ya kinachopikwa. Kile Waigbo wakiitacho *ofe* si supu ya asubuhi inywewayo bakulini, wala si mchuzi mwepesi wa kutowelea wali. Ni mchuzi mzito wa mawese, nyama, samaki mkavu na majani, uliwao kwa tonge la viazi vikuu au muhogo uliopondwa. Tonge huchovywa na kumezwa bila ya kutafunwa. Ule wa *onugbu*, yaani majani machungu, unataka subira. Majani hufikichwa na kuoshwa maji baada ya maji mpaka uchungu upungue. Lakini mpishi hodari hauondoi wote, kwani humo ndimo ladha ilimo. Kisha hutiwa majimbi yaliyochemshwa na kupondwa, ili mchuzi ushikane.

Msomaji wa Kiswahili alikaribishwa chakula hiki zamani, kwa *Shujaa Okonkwo* (1973), tafsiri ya Clement Ndulute ya riwaya ya Chinua Achebe ya 1958. Humo kila mke hupika kwake, na bakuli la mchuzi hupelekwa na binti mpaka kibandani kwa baba. Utaratibu huo waonekana mtulivu, mpaka siku ile Ojiugo alipokwenda kusukwa nywele asirejee kwa wakati kupika. Okonkwo akampiga, na ilikuwa Wiki ya Amani, ambayo hata neno kali ni mwiko. Achebe hahubiri, chungu kisichoinjikwa ndicho kisemacho.

Chimamanda Ngozi Adichie, katika *Purple Hibiscus* (2003), ameweka michuzi miwili iangaliane. Wa kwanza ni wa *onugbu*, nyumbani kwa tajiri Eugene, mjini Enugu, Jumapili ya Matawi. Fufu ni laini, nyama tele, na aliyepika ni mtumishi. Dua ni ndefu; baada yake watoto wala kimya kwa kumcha baba. Mchuzi umekamilika, midomo imefungwa.

Wa pili ni wa majani ya *oha*, huko Nsukka, kwa shangazi Ifeoma, mhadhiri ambaye kwake nyama huhesabiwa vipande. Kambili hajui kuyatayarisha majani hayo. Binamu yake Amaka amkejeli kuwa matajiri hawapiki mambo hayo, na shangazi ahimiza mtoto ajibu. Ndipo Kambili, kwa mara ya kwanza, ajibu: hajui, lakini aweza kufundishwa. Kisha apakata sinia na kuanza kuondoa vikonyo vigumu.

Pana atakayeuliza: ni uhuru gani huo wa msichana kuhamishwa jiko hili kwenda lile? Hoja ina uzito. Hata hivyo, Enugu Kambili alikula asichokuwa na mkono ndani yake. Nsukka kazi na kauli zimekuja pamoja. Adichie hakudai kuwa jiko ni uhuru. Ameonyesha kuwa ulimi uliofungwa waweza kufunguka penye kazi ndogo, mbele ya watu wanaocheka.

Katika *Half of a Yellow Sun* (2006) mizani hiyo imepewa Ugwu, mtumishi wa kiume. Mama wa bwana wake afika kutoka kijijini na kumnyang'anya jiko, kwani mtoto wa kiume atajua nini juu ya mapishi ya kweli. Na Olanna, mchumba msomi, aitwa mchawi. Halafu vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970 vyaingia, na njaa yaingia navyo. Kisa hicho si kigeni kwetu, kwani Tanzania ndiyo nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Mwishoni twagundua kuwa kitabu cha vita kitajwacho ndani ya riwaya kimeandikwa na Ugwu. Aliyekuwa akikoroga chungu ndiye aliyeshika kalamu.

Basi anayezitafsiri riwaya hizi asiigeuze *oha* kuwa mchicha ili msomaji asisumbuke. Jina geni liachwe. Mgeni hukaa mkekani, akauliza. Na sisi wahakiki wa pwani tuvirudie vitabu vyetu kwa jicho hilo. Tuifungue *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi, tumtazame Kijakazi akimtumikia bwana wake, tuulize: nani apika, nani ala, nani asema? Uhakiki wetu umeosha majani mno. Umebakisha ukijani, uchungu umemwagwa na maji.