Mbegu na mbolea havibadilishwi siku moja

Bandugu, tangu DRC ianze kutoa chanjo ya malaria R21 kule Kongo Central, Oktoba 2024, nasikia bantu ya masomo banasema: "R21 inapita RTS,S sababu kibebaji chake ni kizuri zaidi." Miye ni mutu wa shamba, si munganga. Lakini hiyo sentensi inanisumbua.

Kwanza tuelewane. Chanjo zote mbili zinatumia protini ya ganda la virusi vya hepatiti B, inayotengenezwa ndani ya hamira. Protini hizo zinajikusanya zenyewe na kuwa chembe yenye umbo la virusi, lakini ndani hamuna jeni. Ni sawa na ganda la karanga bila karanga: ulipande mara ngapi, haliwezi kuota. Juu yake kunabebwa kipande cha protini ya kimelea cha malaria. Vipande vingi vikipangwa pamoja, mwili unashituka na kujifunza.

Kwenye RTS,S, protini nyingi za ganda hazibebi kitu. Kwenye R21, kila moja inabeba. Kama muundo, ni kazi safi.

Ila hawakubadilisha ganda tu. Kichochezi nacho kilibadilika: AS01 kwa RTS,S, Matrix-M kwa R21. Majaribio nayo yalifanywa miaka tofauti. Ile 36% ya RTS,S ni ya miaka karibu 4. 75% ya R21 penye malaria ya msimu, na 68% penye malaria ya mwaka mzima, ni za mwaka 1. Na matokeo ya kwanza ya RTS,S, 2011, yalikaribia 56%, kabla ya kushuka.

Mwanafunzi wa agronomia akibadilisha mbegu na mbolea kwenye shamba moja, kisha aseme mbegu njo ilileta mavuno, profesa anamurudisha. Mbona hapa tunapiga makofi?

Hii si mabishano ya darasani. Hapa Kasungami, mvua ikianza mbu wanajaa. Mama akisikia "chanjo mupya inamaliza malaria", ataweka chandarua kando. Mutoto akipata homa, atasema tulimudanganya, na hata chanjo ya surua ataikataa.

Sisi wenye lisansi njo tunaulizwa kwenye parsele. Tuseme hivi: ganda haliambukize, chanjo inapunguza malaria, dozi ni 4, chandarua kinabaki juu ya kitanda.